Daktari wa "Wameru"

Wadau, leo tuipumzishe siasa kidogo. Nataka niwapeleke kwenye luninga ya miaka ya 1960, luninga ambayo huku kwetu hata haikuwepo.

Kuna tamthilia ya Kimarekani inaitwa Daktari. Ndiyo, Daktari, hivyo hivyo kama unavyosema wewe ukiwa kwenye foleni pale Hospitali ya Mount Meru na kikadi chako mkononi. Ilianza kuonyeshwa na kituo cha CBS Januari 1966, ikaisha Januari 1969, vipande 89 kwa jumla. Mhusika mkuu ni Daktari Marsh Tracy, mganga wa wanyama, anayeishi porini na binti yake Paula, wasaidizi wachache, sokwe mmoja mtundu aitwaye Judy na simba mwenye makengeza aitwaye Clarence. Makengeza ya kweli, siyo ya kuigiza! Tutamrudia huyo simba.

Na hilo pori liko wapi? Tamthilia inasema ni Afrika Mashariki, na kituo cha utafiti cha Daktari Tracy kiko mahali panapoitwa Wameru.

Hapo ndipo nilipocheka peke yangu. Mahali panaitwa Wameru! Ni sawa na mtu akuambie "mimi naishi Wachaga, ukishapita tu Wamasai". Mtoto yeyote wa darasa la kwanza pale Tengeru anajua kwamba Meru ni mlima na Wameru ni watu. Kuna Wameru wa kwetu, wa mlima huu tunaouona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na kuna Wameru wa Kenya, wa kule Mlima Kenya. Makabila mawili, jina moja, na wote ni watu. Hollywood ikachukua jina la watu ikalifanya jina la pori.

Nilivyoijua hii habari ni kwa rafiki yangu dereva wa magari ya utalii. Anasema wapo wazee wa Kijerumani ambao wakimwona simba wao wa kwanza hawasemi "simba". Wanasema "Clarence!" Mwanzoni alidhani ni jina la mke wa mtu. Kumbe kule Ujerumani Daktari ilianza kuonyeshwa mwaka 1969, na kizazi kizima kilikua nayo kama sisi tulivyokua na filamu za Kinaijeria. Uingereza nako BBC waliirusha, na watoto wakanunuliwa vigari vya Land Rover vyenye mistari kama ya pundamilia, kama gari la Daktari Tracy. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini anayeshuka leo KIA na kofia yake ya safari alishaiona "Afrika Mashariki" zamani sana, sebuleni kwao, kabla hajajua Arusha iko upande gani wa ramani.

Swali ni: aliona nini?

Aliona California. Sehemu kubwa ya tamthilia ilipigwa kwenye shamba la wanyama lililoitwa Africa U.S.A., kwenye bonde la Soledad Canyon, kaskazini mwa jiji la Los Angeles. Mwenye kulisimamia alikuwa Ralph Helfer, mfunzaji wa wanyama aliyeamini kwamba simba hafundishwi kwa kiboko bali kwa upole. Mtayarishaji alikuwa Ivan Tors, mzaliwa wa Hungaria, yule yule aliyewaletea Wamarekani Flipper, tamthilia ya pomboo. Muziki ulitungwa na Shelly Manne, mpiga ngoma maarufu wa jazi, na kwa kweli ni mtamu. Ukiusikiliza umefumba macho unaweza kusamehe mengi.

Mambo yalianzia kwenye filamu ya mwaka 1965 iliyomhusu huyo simba mwenye makengeza. Clarence alikuwa mpole kupita kiasi, kiasi kwamba zikija picha za kunguruma na kutisha aliitwa simba mwingine, Leo, aje afanye kazi hiyo kwa niaba yake. Hata simba ana mtu wa kumfanyia kazi ngumu, nyie mnashangaa nini kuhusu wabunge?

Wazo lenyewe, hata hivyo, halikutoka hewani. Nairobi kulikuwa na daktari wa mifugo kweli kweli, Toni Harthoorn, Mholanzi kwa kuzaliwa, ambaye pamoja na mkewe Sue walikuwa wakitibu na kulea wanyamapori yatima. Harthoorn ni mmoja wa waliofungua njia ya kumlaza mnyama mkubwa kwa dawa iliyopigwa kutoka mbali kwa bunduki. Kabla ya hapo, kumkamata kifaru ili umtibu au umhamishe kulikuwa na mambo mawili: kamba na sala. Leo madaktari wetu Watanzania wanapomlaza tembo Serengeti ili wamfunge mkanda wa kumfuatilia, wanatumia ujuzi wa ukoo ule ule. Hiyo ndiyo sehemu ya Daktari ambayo ni ya Afrika Mashariki kwa haki kabisa.

Sasa tuje kwa mwigizaji mwenyewe.

Marshall Thompson alizaliwa Peoria, jimbo la Illinois, Novemba 1925. Aliingia kwenye sinema akiwa kijana mdogo miaka ya Vita Kuu ya Pili, kwanza Universal, kisha studio kubwa ya MGM. Alikuwa na sura ya kijana mwema wa jirani, yule ambaye mama yako angependa umlete nyumbani. Sura hiyo ilimpa kazi, na sura hiyo hiyo ikamzuia. Hollywood ya enzi zile ilitaka mtu wa kutisha au mtu wa kuvunja mioyo ya wanawake. Thompson hakuwa wa kwanza wala wa pili.

Angalia mtiririko wa kazi zake. Mwaka 1946 akapewa uhusika mkuu kwenye Gallant Bess, hadithi ya askari na farasi wake. Nani anakumbukwa hapo? Farasi! Mwaka 1949 akawa mmoja wa vijana wa kikosi kwenye Battleground, filamu ya vita iliyosifiwa sana, lakini kikosi kina watu wengi na mwanga ukagawanyika. Mwaka 1955 akawa kwenye To Hell and Back, ambayo ni hadithi ya maisha ya Audie Murphy na aliyeigiza kama Audie Murphy ni Audie Murphy mwenyewe, kwa hiyo hapo nafasi ya kung'ara ilikuwa ndogo. Halafu zikaja filamu za bei rahisi za mazimwi na anga za juu. Moja, ya mwaka 1958, inahusu zimwi lililojificha ndani ya chombo cha angani likiwamaliza wasafiri mmoja mmoja. Wajuzi wa sinema wanasema ndiyo iliyokuja kuzaa wazo la Alien mwaka 1979. Umeona mkosi? Filamu ya mjukuu inajulikana dunia nzima, ya babu wanaijua wachache.

Akaenda kwenye luninga. Mwaka 1959 aliigiza jasusi aliyepungua mwili akawa mdogo kuliko rula ya mwanafunzi. Mwaka uliofuata akawa mume wa mke wa Kifaransa kwenye vichekesho. Mwaka 1964 akaongoza na kuigiza filamu ya vita iliyopigwa Vietnam ya Kusini, vita yenyewe ikiwa inaendelea. Naipenda hiyo picha ya mtu: miaka ishirini kwenye kazi, hajapata ukuu, lakini hakatai safari. Wangapi tunawajua wa hivyo kwenye vyumba vya habari?

Na kwa Clarence hakuingia kama mwajiriwa tu. Jina lake liko kwenye wale waliobuni hadithi ya ile filamu ya mwaka 1965. Kwa maneno mengine, Daktari Tracy ni koti ambalo Thompson alishiriki kulishona, na likamkaa. Ile sura ya upole iliyomfungia milango miaka yote sasa ikawa ndiyo mtaji. Mtu anayeinama taratibu mbele ya chui aliyejeruhiwa, sauti haipandi, mikono haitetemeki... Waigizaji wengi mashuhuri wangeshindwa kusimama pembeni ya simba wakakubali kwamba simba ndiye nyota. Yeye alishazoea tangu enzi za farasi.

Tamthilia ilipokwisha mwaka 1969, mafuriko makubwa ya Januari hiyo hiyo yakalipiga lile shamba la wanyama pale bondeni. Thompson akapata kipindi kingine cha wanyama, cha watoto, Jumamosi asubuhi. Jina lake? Jambo! Kikaenda mpaka 1971. Baadaye akawa na mbwa mkubwa wa milimani kwenye George, halafu nafasi ndogo ndogo hapa na pale. Alifariki Mei 1992, akiwa na miaka 66, na mpaka leo ukimtaja kwa watu wa rika lile wanasema "aah, yule Daktari".

Lakini kuna mtu mwingine kwenye ile kambi ambaye mimi namwona ndiye mwenye hadithi ngumu zaidi. Mwafrika mkuu wa tamthilia, msaidizi wa Daktari Tracy, anaitwa Mike Makula (jina limekaa kama hoteli ya mama ntilie). Aliyemwigiza ni Hari Rhodes, Mmarekani mweusi kutoka Cincinnati, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa majini na ambaye mwaka 1965 alitoa riwaya kuhusu askari weusi. Ni rahisi kumcheka Mwafrika wa kutoka Ohio. Lakini tumpe haki yake. Marekani ya mwaka 1966 ilikuwa imepitisha sheria ya kulinda kura ya watu weusi mwaka mmoja tu nyuma, na huyu alikuwa anaingia kwenye nyumba za wazungu kila wiki akiwa msomi, mwenye koti safi, siyo mbeba mizigo wala mpishi. Kwa weusi wa kule hilo halikuwa jambo dogo. Rhodes naye alifariki 1992, Januari, miezi minne kabla ya Thompson.

Tatizo langu liko kwingine. Kwenye hadithi nyingi za Daktari, anayewalinda wanyama ni Tracy na watu wake, na wanaowasumbua ni majangili na, mara nyingine, maofisa wa serikali ya hapo. Yaani mwenyeji ana viti viwili vya kukalia: mwizi au kikwazo. Na Wameru wenyewe, wale ambao jina lao limebandikwa kituoni, hawana shamba la migomba, hawana ng'ombe, hawana kanisa, hawana kesi. Ndiyo, kesi. Kwa sababu Wameru halisi walikuwa na kesi, na kesi hiyo ilifika Marekani miaka kumi na nne kabla ya Daktari Tracy.

Wengi wetu tuliisoma shuleni kwa mistari miwili, tukaijibu kwenye mtihani tukasahau. Baada ya vita serikali ya Kiingereza ilimpa Jaji Mark Wilson kazi ya kupanga upya ardhi ya Arusha na Moshi. Taarifa yake ya mwaka 1947 ilipendekeza kwamba eneo la Engare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki wa mlima, liwe la wafugaji wa Kizungu peke yao. Kulikuwa na mashamba mawili yaliyojulikana kwa namba, 31 na 328, ambayo Wameru walikuwa wanayaishi. Mpango ukawa kuyagawa pamoja na ardhi nyingine yapatikane mashamba 13 ya Wazungu, ya ng'ombe wa nyama na maziwa. Wameru wakakataa kuhama. Novemba 1951 wakaondolewa kwa nguvu, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, wakaelekezwa King'ori, ambako wao walisema wazi kwamba si kuzuri kwa mifugo yao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo siku zile. Hakumbuki jina la ofisa yeyote. Anachokumbuka ni ng'ombe, kwa rangi, mmoja mmoja, na wapi kila mmoja alifia. Fikiria: ng'ombe wanaondolewa ili waje ng'ombe. Na daktari wa mifugo wa kuwatibu kule walikopelekwa hakuwa mtu wa kwenye tamthilia, alikuwa hayupo.

Wameru wakachanga fedha. Mwaka 1952 wakampeleka mwenzao, Kirilo Japhet, New York, kwenye Umoja wa Mataifa, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo kulikuwa na mlango wa kugonga, nao wakaugonga. Hakuna Mtanganyika aliyekuwa amewahi kwenda kusema shida ya watu wake kwa mdomo wake mwenyewe pale. Alisikilizwa, magazeti yakaandika, na Baraza Kuu lilipopiga kura, theluthi mbili zilizohitajika hazikupatikana. Ardhi haikurudishwa. Lakini kijana yeyote aliyekuja kusikia TANU ikianzishwa mwaka 1954 alikuwa ameshaisikia safari ya Kirilo.

Sasa angalia kalenda. Mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu chao kuhusu kesi ya ardhi ya Meru, kikachapwa Nairobi. Mwaka huo huo, Februari, Mwalimu akatangaza Azimio hapa mjini kwetu. Na mwaka huo huo Marekani, kila wiki, mamilioni waliwasha luninga waone "Wameru". Hakuna ubaya wa Marshall Thompson hapo, yeye alikuwa akifanya kazi yake na kuifanya vizuri. Ila kama kuna Mmarekani mmoja aliyewahi kumsikia Kirilo mwaka 1952 na kisha akaitazama Daktari mwaka 1967, ningetoa mshahara wangu wa mwezi nimhoji. (Si mwingi, lakini ni wangu.)

Na sisi? Sisi hatukuiona kabisa. Zanzibar walipata luninga miaka ya 1970, Bara tukasubiri mpaka 1994. Wakati Clarence anatawala dunia, Arusha ilikuwa na redio na majumba ya sinema. Cha ajabu ni kwamba sinema kubwa ilishapigwa hapa hapa, kwenye ardhi yenyewe. Hatari!, ya John Wayne, iliyotoka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa Tanganyika, na kambi ya Momella iliyoonekana humo iko chini ya Mlima Meru, si mbali na Engare Nanyuki. Mjerumani aliyeigiza humo, Hardy Krüger, aliupenda upande ule akanunua shamba Momella na kuishi miaka. Alifariki 2022. Hatari, Daktari, Jambo: ona wanavyochagua maneno! Na hilo la pili linanichekesha zaidi, kwa sababu "daktari" sisi tuliliazima kwa Waingereza, tukalipa irabu zake likatulia mdomoni. Halafu Wamarekani wakaja kulichukua kwetu kama neno la porini lenye siri. Walijiuzia mali yao wenyewe.

Kuna mtu ataniuliza, sasa unataka tamthilia gani ya kitabibu ipigwe Meru? Ipo, wala haihitaji simba. Panda gari la Ngarenanyuki, siku hizi ni nchi ya nyanya na vitunguu, na waliopanda nawe ni wajukuu wa waliofukuzwa. Subiri watoto wa shule wacheke. Meno ya kahawia. Tanzania nzima wanatutania kwa meno hayo, "huyu wa Arusha huyu", nasi tunacheka nao. Lakini ukifika vijijini utaona kwamba si meno tu. Kuna watoto wenye miguu iliyopinda kiasi cha kushindwa kukimbia. Ni madini ya floraidi. Mlima Meru ni volkano, na maji yake upande ule yamebeba floraidi mara nyingi zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Yale maziwa mazuri ya Momella, yenye heroe kwenye kila kalenda, ni miongoni mwa yenye floraidi nyingi kupindukia.

Pale Ngurdoto, njiani kwenda hifadhini, serikali ina kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Magari ya watalii yanakipita bila kupunguza mwendo. Mojawapo ya njia walizozifanyia kazi pale ni hii: unakusanya mifupa ya ng'ombe, unaichoma kwenye tanuru maalum mpaka iwe kama mkaa, unaisaga chembe chembe, unaijaza kwenye ndoo yenye bomba chini. Maji yanapita taratibu katikati ya mifupa, floraidi inabaki humo, na yanayotoka yanafaa kumpa mtoto.